Mzee ana kansa ya utumbo, wanamtaka afanye mazoezi kabla ya oparesheni. Hii imekaaje?

Mpambanaji_Salford: Wakuu habari za humu, naombeni ushauri. Mzee wangu naishi naye hapa Manchester, amekutwa na kansa ya utumbo mpana anasubiri oparesheni. Sasa nesi wake kamwandikia rufaa ya Prehab4Cancer, mpango wa kumwandaa mgonjwa wa kansa kabla ya matibabu, aanze mazoezi kwenye jimu ya mtaani na waangalie anavyokula. Mzee kagoma kabisa, anasema mgonjwa hulala hakimbizwi kwenye mashine, na mashangazi kule Tanga kila jioni simu, "msimchoshe kaka yetu". Ana sukari pia na kapungua mno. Ni salama kweli?

Bi_Mwanahawa: Pole sana mdogo wangu, Mungu amponye mzee. Mi nafanya kazi wodini hukuhuku Uingereza. Mzee akishinda kitandani misuli inaisha haraka, sasa aingie nusu kaputi hana hata nguvu ya kukohoa makohozi, nimonia ndo inapoanzia hapo. Na siyo kubeba vyuma jamani. Wanampima kwanza, anatembea waone kafika wapi, anakaa kwenye kiti mikono kakunja kifuani anainuka anakaa anainuka wanahesabu, halafu ndo wanampangia kadiri ya hali yake. Sukari wawe wanajua, na dawa zote anazotumia. Kifua kikibana au kizunguzungu, anaacha hapohapo.

kitunguu_maji: Wazungu wanapoteza muda tu, mtu anasubiri kisu unampa jimu. Wangemkata mapema

Baba_Zuu: @kitunguu_maji tarehe ya oparesheni haisogezwi kwa ajili ya mazoezi mkuu, wanatumia zile wiki za kusubiri ambazo zipo tu. Mke wangu kapita humohumo na kansa ya mapafu. Ni bure, ilianza 2019 Greater Manchester yote. Kwake ila kilichosaidia zaidi naona ni msosi, tulibadilisha akawa anaanza samaki na mayai, ugali baadaye akipata nafasi, maana mgonjwa anashiba haraka ukimjaza ugali protini haiingii tena. Maharage kwa mzee wako muulizeni dietisheni (mtaalamu wa lishe) kwanza, kama uvimbe umebana njia anaweza kukatazwa

Bi_Mwanahawa: Hapo kwenye maharage umenena. Na kama Kiingereza kinampa tabu ombeni mkalimani mapema, hawalipishi, usitafsiri wewe, watoto huwa tunaficha mambo. Hao mashangazi siku nesi akipiga waweke kwenye spika wasikie wenyewe.

Mpambanaji_Salford: Asanteni sana aisee. Mzee kanyamaza anasikiliza, kauliza tu akishapona si watamtupa?

Baba_Zuu: Hawamtupi, akitoka hospitali wanaendelea naye. Mwambie atafute raba zisizoteleza, na siku ya kwanza nenda naye.