Ameshtakiwa kwa ubakaji baada ya miaka 11: daftari langu la mazoezi nimpe mpelelezi?

Mkimbiaji1500

Habari zenu. Naandika bila majina na bila kutaja chuo, mtanivumilia.

Nilikuja Ohio kwa ufadhili wa riadha, nikikimbia mita 1500 na mbio za nyika. Aprili 2014 mwenzangu wa chumba alirudi bwenini alfajiri, kiatu kimoja mkononi, akaketi sakafuni na kuegemea mlango. Hakulia. Alinitajia jina la kijana wa timu ya futiboli ya Kimarekani ambaye tulikuwa tukipishana naye kila siku kwenye chumba cha kunyanyua vyuma. Nikampeleka hospitali. Walimchukua sampuli kwa karibu saa nne, wakazifunga kwenye boksi, askari akatia saini na kuondoka nalo.

Basi, kimya. Msimu ulipoanza tukawa tunasikia jina la yule kijana likitangazwa uwanjani, watu wanashangilia. Kocha wetu alisema tuiachie ofisi ya chuo. Mwaka uliofuata mwenzangu akaacha masomo.

Sasa jamaa ameshtakiwa. Mpelelezi alinipigia wiki iliyopita, mtu mpole tu, akauliza kama nakumbuka saa tulizoingia hospitali. Nilibabaika. Lakini mimi tangu sekondari huandika kila mazoezi daftarini. Nikaenda kulitafuta kwenye boksi la viatu vya zamani. Ukurasa wa wiki ile una kilomita na muda kila siku, isipokuwa Jumapili: "Sikukimbia. Hospitali na M. Tumeingia saa 12 asubuhi, tumetoka saa 5." Kwa Kiswahili, kwa kalamu ya risasi iliyoanza kufifia.

Maswali yangu: kesi iliyokaa hivi inaweza kusimama kweli? Na daftari hili lina maana yoyote, au nitaonekana nimelitunga?

Mkalimani_wa_Columbus

Dada, pole sana. Mimi si wakili. Nimetafsiri mahakamani Ohio miaka mingi, nakueleza niliyoyaona.

Kusimama, inaweza. Ohio inatoa miaka 25 kufungua mashtaka ya ubakaji; hadi 2015 ilikuwa 20. Kosa la 2014 limo ndani. Tofauti ingekuwa kama muda ulikuwa umeshakwisha: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2003 kwamba jimbo haliwezi kuufufua muda wa jinai uliokwisha kufa.

Kuhusu boksi kulala, hilo si la mwenzako peke yake. Detroit mwaka 2009 yalikutwa maboksi zaidi ya 11,000 kwenye ghala la polisi. Huku Ohio, kuanzia 2011, ofisi ya mwanasheria mkuu iliyaita maboksi ya zamani kutoka vituo vya polisi, na hadi 2018 yakawa yamepimwa karibu 14,000. Sheria ya kulazimisha boksi jipya lipelekwe maabara ndani ya siku 30 ilianza 2015 tu. Lenu lilitangulia. Tena vinasaba havimalizi kesi kama hii. Mshtakiwa akisema "tulikubaliana", maabara haina jibu. Hapo ndipo faili hulala hadi mtu mwingine ajitokeze.

Daftari: usiandike neno, usikoleze herufi zilizofifia, usichane ukurasa. Mwambie mpelelezi kwamba lipo, na ukimkabidhi akupe hati ya kupokea. Mahakamani unaweza kuruhusiwa kulitazama ili ukumbuke, na ukiwa huna kumbukumbu ya kutosha linaweza kusomwa mbele ya wazee wa baraza. Kiswahili si tatizo, atatafutwa mfasiri. Ila lete zima, pamoja na wiki zilizotangulia na zilizofuata. Lile pengo la Jumapili lina nguvu kwa sababu siku nyingine zote zimejaa.

BabaNeema

Nawasikia, lakini niulize upande wa pili. Kijana wa miaka 20 leo ana 31, pengine ana watoto. Waliokuwa naye usiku ule wametawanyika, simu za wakati ule hazipo. Atajiteteaje? Haki ya kesi kusikilizwa haraka iko wapi?

Mkalimani_wa_Columbus

Kaka, swali lako ni la haki na wakili wake ataliuliza hilo hilo. Haki unayoitaja huanza kuhesabika mtu anapokamatwa au kushtakiwa. Kwa makosa makubwa Ohio ni siku 270, na kila siku ya mahabusu huhesabiwa tatu. Ucheleweshaji wa kabla ya hapo unapimwa kwa mzani mwingine, tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1977: mshtakiwa aonyeshe ameumizwa kweli, kwa mfano shahidi fulani amefariki, na jaji aangalie serikali ilichelewa kwa sababu gani. "Miaka ni mingi" peke yake haitoshi. Nimemwona jaji akiisikiliza hoja hiyo siku nzima bila haraka, kwa hiyo usidhani anapuuzwa.

Na yule dada naye simu zake zimepotea. Kusubiri kumewala wote wawili, ila dada alikwenda hospitali asubuhi ile ile na polisi wakalichukua boksi.

Mkimbiaji, jambo moja kubwa. Usizungumze na mwenzako kuhusu mtakayosema. Mjulie hali, basi. Na usiandike zaidi hapa; wakili wa utetezi akiuona uzi huu atakudodosa kila sentensi.

Mkimbiaji1500

Nimeelewa, asante sana. BabaNeema, sina kinyongo, nami nataka asikilizwe.

Nimelirudisha daftari ndani ya bahasha bila kuligusa. Mpelelezi nampigia kesho asubuhi, nami nitamwambia mwenyewe kwamba niliandika hapa. Siandiki tena.