Mkusanyiko wa roki ya Uingereza: kwa miaka, kwa miji, au kwa ukoo wa nyimbo?

Kisonge_Mjini

Wakuu, habari za humu. Nataka kupanga mkusanyiko mmoja wa nyimbo unaoonyesha roki ya Uingereza ilikotoka na ilikofika, kuanzia Lonnie Donegan mpaka Arctic Monkeys. Wasikilizaji ni watu wazima wapenda muziki, rege na dansi wanazijua vizuri, ila kwenye roki wanaishia kwa Queen. Kikomo ni CD moja ya dakika 80, na nakala ya flashi ya kupiga kwenye gari.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni kufuata miaka moja kwa moja. Ya pili ni kugawa kwa miji: Liverpool, London, Birmingham, Manchester. Ya tatu ni kufuata ukoo, wimbo mmoja na mwingine uliozaliwa nao, hata kama miaka inarukwa. Ipi inamfaa mgeni wa muziki huu? Naomba na urefu wa nyimbo, maana kwenye hesabu ya dakika ndiko mambo yanakokwama.

Santuri45

Fuata miaka, mkuu. Mgeni akishajua kwamba kila wimbo ni wa baadaye kuliko uliotangulia, masikio yake yatafanya kazi iliyobaki.

Hesabu ni hii. Kutoka 1955 hadi 1966 weka nyimbo tisa: "Rock Island Line" ya Donegan, "Move It" ya Cliff Richard (1958), "Shakin' All Over" ya Johnny Kidd (1960), "She Loves You" ya The Beatles (1963), "House of the Rising Sun" ya The Animals na "You Really Got Me" ya The Kinks (zote 1964), "Satisfaction" ya The Rolling Stones na "My Generation" ya The Who (1965), kisha "Tomorrow Never Knows" ya The Beatles (1966). Zote tisa ni dakika 26 na ushei. Halafu "Whole Lotta Love" ya Led Zeppelin (1969), "Black Sabbath" ya bendi ya jina hilohilo (1970), "Get It On" ya T. Rex (1971), "Starman" ya Bowie (1972) na "Bohemian Rhapsody" ya Queen (1975). Hizi ni tano tu, lakini nazo zinakula dakika 26 vilevile.

Hapo ndipo mikusanyiko mingi inapoharibika. Mtu anaongeza King Crimson na Pink Floyd, mara anajikuta ana robo saa tu ya kueleza miaka 30 iliyobaki. "Echoes" peke yake ni dakika 23 na nusu. Heshimu mpaka: ukifika 1975 uwe umetumia dakika 53, si zaidi.

Zinazobaki zinatosha nane: "New Rose" ya The Damned (1976), "London Calling" ya The Clash (1979), "Love Will Tear Us Apart" ya Joy Division na "Ace of Spades" ya Motörhead (1980), "This Charming Man" ya The Smiths (1983), "Fools Gold" ya The Stone Roses (1989), "Common People" ya Pulp (1995) na "I Bet You Look Good on the Dancefloor" ya Arctic Monkeys (2005). Jumla nyimbo 22, chini kidogo ya dakika 79. Lakini "Fools Gold" iwe ile fupi ya dakika 4 na robo, kwa sababu ndefu inakaribia 10 na itakumwagia hesabu yote. "Common People" nayo chukua ya singo (santuri ya wimbo mmoja uliouzwa peke yake), dakika 4 na sekunde chache. Ya albamu inakaribia 6.

Jambo moja zaidi: usichague kutoka kwenye albamu pekee. Uingereza ya miaka ya 60 ilikuwa kawaida singo kutowekwa kwenye albamu, ili mnunuzi asilipie wimbo uleule mara mbili. "She Loves You", "Satisfaction" na "See Emily Play" ya Pink Floyd hazimo kwenye albamu za Uingereza za wakati wake. Anayepitia albamu tu anaruka nusu ya historia.

Mama_Besi

Santuri45, hesabu yako nzuri, lakini miaka inaonyesha kilichofuata bila kuonyesha kilichosababisha. Mgeni atasikia "Ace of Spades" mara tu baada ya Joy Division na ataduwaa: hivi vitu viwili vina uhusiano gani? Havina, zaidi ya mwaka 1980. Ukoo unamjibu.

Napendekeza koo tatu, moja baada ya nyingine ndani ya CD hiyohiyo.

Ukoo wa kwanza ni wa gitaa zito: "Rock Island Line", "Shakin' All Over", "You Really Got Me", "Whole Lotta Love", "Black Sabbath", "Ace of Spades". Dakika 22 kasoro. Kiungo chake ni "You Really Got Me": Dave Davies alichana karatasi ya spika ya ampu (kikuza sauti) ndogo kwa wembe, gitaa likatoa sauti ya kukwaruza. Ule mkwaruzo, pamoja na kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia tangu mwanzo hadi mwisho, ndio msingi wa kila kinachofuata kwenye ukoo huu.

Ukoo wa pili ni wa studio, yaani wanamuziki waliofanya chumba cha kurekodia kiwe ala: "She Loves You", "Tomorrow Never Knows", "See Emily Play", "Starman", "Bohemian Rhapsody", halafu "Paranoid Android" ya Radiohead (1997). Dakika 25 kasoro. Mruko wa kwanza ndio wenye nguvu kuliko yote. Kati ya "She Loves You" na "Tomorrow Never Knows" haijapita hata miaka mitatu, watu ni walewale wanne, lakini wa pili umejengwa juu ya kodi moja ("chord", noti zinazopigwa pamoja) karibu mwanzo hadi mwisho, vitanzi vya tepu, yaani vipande vya sauti vinavyojirudia, vikizunguka juu yake. Zikipigwa zikifuatana, mgeni anaelewa 1966 bila mtu kumfafanulia. Kwenye orodha ya miaka umeweka nyimbo nne katikati, na ile nguvu inapotea.

Ukoo wa tatu ni wa vijana wasiosubiri ruhusa: "My Generation", "New Rose", "Anarchy in the U.K." ya Sex Pistols, "Boredom" ya Buzzcocks, "Love Will Tear Us Apart", "This Charming Man", "Fools Gold" fupi, "Common People" ya singo, "I Bet You Look Good". Karibu dakika 30. Katikati yake pana tukio halisi. Tarehe 4 Juni 1976 Sex Pistols walipiga Lesser Free Trade Hall, Manchester, kwa mwaliko wa Howard Devoto na Pete Shelley, ambao ndio Buzzcocks. Watazamaji walikuwa wachache, lakini miongoni mwao walikuwemo Peter Hook na Bernard Sumner waliounda bendi iliyokuja kuitwa Joy Division, na Morrissey wa The Smiths ya baadaye. Nyimbo nne mfululizo, ukumbi mmoja.

Jumla ni nyimbo 21, dakika 76 na sekunde 10.

Aston_B6

Njia ya miji isidharauliwe. Kwa mkusanyiko wa CD nne ningeichagua hiyo kwanza, kwa sababu inaeleza mambo ambayo koo na miaka haviwezi. Black Sabbath na Judas Priest wametoka Birmingham na viunga vyake, na Robert Plant na John Bonham wa Led Zeppelin wametoka eneo hilohilo la Midlands. Huo ni mji wa viwanda vya chuma. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aendelee kupiga gitaa.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana: kwamba sauti nzito ya albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilitokana na nyuzi kulegezwa. Albamu ya 1970 ilipigwa kwa tuni ya kawaida. Kushusha kwa nusu toni tatu kulianza na albamu yao Master of Reality, 1971. Ukiandika maelezo ya kuambatanisha na CD, usilichukue hilo kosa.

Kwa dakika 80, hata hivyo, miji haifai. Kila mji utapata nyimbo tano, na London itaonewa kwa sababu ina kila kitu.

FundiSauti

Mkishakubaliana mpangilio, kuna kazi ya matoleo, na hiyo ndiyo inayofanya mkusanyiko usikilizike au uudhi.

Kwanza mono (sauti ileile kwenye spika zote) na sterio (sauti tofauti kushoto na kulia). Nyimbo nyingi za Beatles za 1963 kwenye sterio ya zamani zina waimbaji upande mmoja na ala upande mwingine, kwa sababu zilirekodiwa kwenye tepu ya njia mbili. Gari lenye spika moja mbovu, au watu wawili wanaogawana visikilizio, mmoja atasikia ngoma tupu. Kwa kila kitu cha kabla ya 1967 chukua mono; ndiyo waliyoishughulikia kwa makini wakati ule. "She Loves You" haina sterio halisi ya zamani hata kidogo, na toleo jipya la 2023 limetenganishwa kwa kompyuta. Kwa The Who, sterio ya 2002 ya albamu yao ya kwanza inakosa baadhi ya sauti zilizoongezwa studio baada ya rekodi ya awali.

Pili, wimbo sahihi. "House of the Rising Sun" kamili ni dakika 4 na nusu. Ile ya dakika 3 kasoro ni singo iliyokatwa kwa ajili ya Marekani. "This Charming Man" iliyomo kwenye albamu ya Hatful of Hollow ni ya kipindi cha redio cha John Peel, si singo. Na waimbaji wengi wa miaka ya 50 na 60 walirekodi nyimbo zao upya wakiwa watu wazima. Ukiona sterio safi mno na sauti ya uzeeni, achana nayo.

Tatu, ukubwa wa sauti. Rekodi za 1995 na kuendelea zilikandamizwa ili zisikike kubwa muda wote. Ukitoka "Love Will Tear Us Apart" kwenda Arctic Monkeys bila kusawazisha, dereva atarukia kitufe. Tumia ReplayGain (mfumo wa kusawazisha ukubwa wa sauti) au kipimo cha LUFS (kizio cha ukubwa wa sauti) kwenye programu ya Audacity, lengo −18, na upime kila wimbo peke yake, si kwa albamu. Usipandishe za zamani zifikie mpya, maana vilele vitakatika na utasikia mikwaruzo isiyo ya gitaa. Shusha mpya. Mwanzo wa "Black Sabbath", ile mvua na kengele, utabaki chini sana hata baada ya kusawazisha. Uache hivyohivyo. Ukiuinua kwa mkono, gitaa likiingia halitamshtua mtu, na mshtuko ule ndio wimbo wenyewe.

Santuri45

Mama_Besi, nakubali hoja ya 1966. Ila njia yako inavunja jambo moja kubwa. Kwangu "Bohemian Rhapsody" inafuatwa na "New Rose": dakika 6 kasoro za sauti za Freddie Mercury, May na Taylor wa Queen zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, halafu dakika 2 na sekunde 40 za vijana waliorekodi harakaharaka kwa kampuni ndogo ya Stiff. Panki, ile roki fupi ya harakaharaka kama "New Rose", ilikuwa jibu, na msikilizaji anapaswa kusikia swali kwanza. Kwenye koo zako nyimbo hizo mbili zimetenganishwa na Radiohead na The Who.

Mama_Besi

Hoja nzito. Dawa yake ni kuhamisha "Paranoid Android" iwe ya mwisho kabisa kwenye CD, na "My Generation" iingie ukoo wa kwanza baada ya "You Really Got Me". Sasa ukoo wa pili unaishia 1975 na wa tatu unaanza na "New Rose". Dakika hazibadiliki. Na kumaliza na Radiohead badala ya Arctic Monkeys hakuna ubaya, kwa sababu mwisho wake umekatika vizuri.

Dada_Ska

Jamani, wasikilizaji wanajua rege, mmesoma hapo juu? Mbona Jamaika haimo? Bila wahamiaji wa Karibea huwezi kueleza Uingereza ya 1976 hadi 1981. The Clash waliimba "Police and Thieves" ya Junior Murvin kwenye albamu yao ya kwanza, 1977. Wekeni "Gangsters" ya The Specials, Coventry, 1979. Imejengwa juu ya "Al Capone" ya Prince Buster, na kwa mtu wa rege huo ndio mlango wa kuingilia. Haifiki dakika 3, na Mama_Besi amebakisha nafasi. Ikae kati ya "Boredom" na "Love Will Tear Us Apart".

Waimbaji wakuu wanawake nao, kwenye orodha zote mbili ni sifuri. Toeni "Anarchy in the U.K.", mkaweke "Oh Bondage Up Yours!" ya X-Ray Spex, 1977. Anayeimba ni Poly Styrene, binti wa baba Msomali na mama Mwingereza, na saksofoni ya wimbo huo haina mfano kwenye panki ya mwaka ule. Sex Pistols watatajwa kwenye maelezo ya ule ukumbi wa Manchester.

Kisonge_Mjini

Nashukuru sana wote. Nachukua koo za Mama_Besi kwa marekebisho ya Santuri45, na nyimbo zote mbili za Dada_Ska. Mercury ni mtoto wa Unguja, kwa hiyo hapo wasikilizaji watasimama wenyewe, ila nimeelewa kwamba wimbo upo kwa sababu ya studio.

Mawili yamebaki. Hendrix na U2 wanahesabiwa? Na kwenye flashi redio ya gari huvuruga mpangilio, tatizo ni nini?

Aston_B6

Hendrix ni Mmarekani, lakini bendi iliundwa London na wenzake wawili ni Waingereza, na "Hey Joe" ilitoka Uingereza kwanza, Desemba 1966. Ukiwa na nafasi anaingia. U2 na Thin Lizzy ni wa Dublin, hao ni historia ya Ireland. Them, bendi ya Van Morrison, ni ya Belfast, Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, kwa hiyo inahesabiwa.

FundiSauti

Redio nyingi za gari hazisomi majina, zinasoma faili kwa mpangilio zilivyoandikwa kwenye flashi. Fomati flashi kwa FAT32 (muundo wa zamani wa kuhifadhi faili), maana nyingi hazisomi exFAT, muundo mpya zaidi. Anza majina na 01, 02 hadi 22, kisha panga upya kwa programu kama fatsort au nakili faili moja moja. MP3 ya 320 kbps inatosha, CD nzima haifiki MB 200. FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, redio za zamani hazisomi. Ukinakili kutoka Mac, futa faili zilizofichwa zinazoanza na nukta na mstari wa chini, la sivyo redio itaonyesha nyimbo 44 na nusu yake ni kimya.

Kwenye CD, programu huweka sekunde 2 kati ya wimbo na wimbo. Kwa nyimbo 22 hiyo ni sekunde 42, na kikomo cha diski ni 79:57. Una kama dakika 79 pamoja na mapengo hayo, kwa hiyo kabla ya kuchoma jumlisha upya kwa urefu wa faili zako halisi. Ikizidi, punguza mapengo yawe sifuri. Usichanganye mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, kwa sababu gongo la "Bohemian Rhapsody" linahitaji kuzimika lenyewe kabla ya "New Rose" kuanza.