Naomba ushauri: kongamano la uchangamano wa magonjwa ya akili, wafadhili nawapata wapi?

Mwalimu_wa_Kota

Wakuu, salaam.

Mimi ni mhadhiri wa saikolojia hapa Dar. Na wenzangu watano tunaandaa kongamano la siku tatu mwakani, washiriki 80, mada kuu "Uchangamano wa magonjwa ya akili", yaani jinsi ugonjwa wenye jina moja unavyokuwa na sura nyingi. Wazo lilianzia kwenye hesabu moja ninayowapa wanafunzi kila mwaka. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, unataja dalili 9 za sonona (depression). Ukiwa nazo 5 kwa angalau wiki mbili, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu ya mambo, unaweza kuandikiwa sonona. Piga hesabu, inakuja michanganyiko 227. Watu wawili wanaweza kukaa benchi moja la kliniki, kadi zote zimeandikwa sonona, na dalili wanayofanana ni moja tu. Sasa anayetafuta "chanzo cha sonona" anatafuta chanzo cha kitu gani hasa?

Shida ni hela. Tiketi za wazungumzaji sita wa nje milioni 24, malazi na posho za watu 40 milioni 24, chakula milioni 8.4, uchapishaji, vipaza sauti na usafiri wa mjini milioni 5.6. Jumla 62. Idara imetoa ukumbi bure na milioni 5, kwa hiyo tunatafuta 57.

Tumeandikia wafadhili watatu. Wawili kimya. Wa tatu kajibu mstari mmoja: mada ni pana mno. Kuna kampuni ya dawa iko tayari kutoa milioni 30, ila inataka kipindi cha saa mbili na nembo yake kwenye mikoba ya washiriki. Wenzangu wanasema tuchukue, mimi roho inasita. Nawasilisha.

Kijiwe_Nongwa

Mkuu, geuza iwe harusi. Unda kamati, chapa kadi za singo na dabo, 57 unazipata kabla ya Idi. Ila ukisema ni kikao cha magonjwa ya akili, hata mjomba wako hapokei simu.

Andiko_Tatu

Jina langu linatokana na maandiko matatu ya kuomba ufadhili yaliyokataliwa. La nne ndilo lilipita, kwa hiyo nisikilize.

Huyo aliyekujibu mstari mmoja kakusaidia kuliko waliokaa kimya. Uchangamano hakuna anayeulipia, mfadhili analipia swali. Chukua nadharia ya mtandao ya Denny Borsboom wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Yeye anasema dalili si lazima zitoke kwenye ugonjwa mmoja uliojificha ndani, zinasukumana zenyewe: usingizi ukikosekana unachoka, ukichoka kazi inakushinda, kazi ikikushinda unaanza kujilaumu, na ukijilaumu usingizi unakata tena. Sasa uliza: je, mzunguko huo unakwenda hivyohivyo kwa mtu wa Mbagala anayefika kliniki na kusema "nina mawazo mengi" tu? Hilo unaliandika kwa ukurasa mmoja na mtu akakuelewa.

Kuhusu milango ya kubisha. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, ina ruzuku ya makongamano inaitwa R13, lakini chuo cha Tanzania hakiombi chenyewe, mwombaji lazima awe taasisi ya kule. Inatakiwa pia barua ya ruhusa kutoka kwenye taasisi ya NIH inayohusika, kwako ni NIMH, ile ya afya ya akili, na barua hiyo inaombwa wiki 6 kabla ya kuwasilisha andiko. Na hela yao hailipi chakula, usije ukaitegemea kwa chai ya saa nne. Jaribu pia IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, ila andiko liongozwe na mtu wa sayansi ya ubongo, siyo wewe mtu wa saikolojia. Samahani kwa ukweli.

Mzee_wa_Wodi

Milioni 24 za tiketi za nini, kijana wangu? Utafiti wa NeuroGAP-Psychosis wa vinasaba vya saikosisi (hali ya mtu kupotewa na uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo) umefanyika Eldoret, Kilifi na Kampala, pamoja na Ethiopia na Afrika Kusini. Hao ni majirani, waite. Wa Ulaya waongee kwa video, hawatakufa.

Hela ya kampuni ya dawa kwangu si haramu. Haramu ni sharti. Waambie iingie mfuko mmoja na michango mingine, ratiba mpange nyinyi, na mchango wao utajwe hadharani. Wakikataa, ujue walikuwa wananunua zile saa mbili.

Mama_Wawili

Mimi si msomi, nimepita tu. Mwanangu wa kwanza ana miaka 26. Nina bahasha ya kaki yenye kadi zake. Ya 2016 imeandikwa sonona. Ya 2018 skizofrenia. Ya 2021 bipola. Dawa zimebadilishwa mara tano. Simlaumu daktari, kila mmoja aliandika alichokiona siku ile. Lakini nimesoma bajeti yako mara mbili, tiketi nimeiona, mikoba nimeiona, nauli ya mtu kama yeye sijaiona.

Mwalimu_wa_Kota

Mama, hapo umenishika pabaya. Sina cha kujitetea.

Nimekaa na wenzangu jana. Siku zimekuwa mbili, watu 45. Tiketi milioni 6, za majirani tu. Malazi na posho za 15 wa mikoani 6.75, chakula 3.15, mengineyo 4. Wagonjwa na walezi wanane, nauli na posho, 2.4. Jumla 22.3, tunatafuta 17.3. Swali la Andiko_Tatu tumelichukua kama lilivyo. Kampuni tumeipelekea masharti ya Mzee, bado hawajajibu.

Mama, je, kijana atapenda kuja kuzungumza? Tumemwekea nafasi ya ufunguzi, saa mbili asubuhi.

Mama_Wawili

Nimemuuliza, anataka. Ila saa mbili haiwezekani, dawa ya usiku humwachia saa tano.

Mwalimu_wa_Kota

Basi saa nane mchana. Ufunguzi atafanya mgeni rasmi, hao huwa wanachelewa hata hivyo.

Kijiwe_Nongwa

17.3? Hiyo si harusi tena, ni sendofu. Weka namba ya mchango, naanza na elfu 20.