Naomba ushauri: muziki wa trance unaninyima usingizi

Wakuu, habari za jioni. Nipo Uyole, Mbeya, na baridi hii ya Julai tunalala mapema. Tulikuwa tunalala. Binamu kanirushia albamu ya Goa trance, ile trance (muziki wa kielektroniki wa kucheza) iliyokulia fukwe za Goa, India, miaka ya 1990. Ngoma kama za mganga, mapigo karibu 145 kwa dakika, besi inakimbia haipumui. Wimbo mmoja dakika 9! Nikivaa hedifoni, nashtukia chai imepoa, maziwa yameshaweka utando. Shida nikizima: kichwa kinaendelea kudunda mpaka saa nane usiku. Mke wangu (mwanakwaya huyo) anasema nimerogwa. Nipunguze sauti, au nisikilize asubuhi tu? Mliouzoea mnafanyaje?