Yule jamaa wa Wi-Fi ya Mwanga kaniita MZITO mbele ya wateja

Wakuu, kichwa changu muda huu ukibandika sufuria ubwabwa unaiva. Simtaji. Watu wa Kigoma mnamjua, mwenye antena yake pale juu na miwani ya jua hadi usiku.

Stationari imejaa watoto wa watu wanatuma maombi ya mkopo, faili hazipandi. Namwita, anakuja anajikongoja, anatoa simu, anapima kasi: megabiti 10 kwa sekunde. Halafu anawageuzia wateja ile simu waone! "Mama, mtandao unakimbia, labda mzito ni wewe."

MZITO. Mimi. Dukani kwangu, kodi nalipa mwenyewe. Na kuna kijana nimemchapishia barua bure, naye akacheka!

Pikipiki yake haijakata kona, mtandao chali. Mzito!

Kamba_ya_Mtandao: Pole mama, hiyo inaitwa basti, yaani kasi kubwa ya muda mfupi tu. Mfano ruta kaiwekea kasi ya kudumu megabiti 2, ya basti 10, kizingiti 1, muda sekunde 80. Ruta inapiga wastani wa matumizi yako ndani ya hizo sekunde 80. Wastani ukigonga kizingiti unarudishwa kwenye 2. Chukua 1 mara 80, gawa kwa 10: una sekunde 8 za utajiri, na yeye kapima humo humo. Pakua faili la megabaiti 100 uone (megabaiti moja ni megabiti 8): 10 za mwanzo zinaingia ndani ya hizo sekunde 8, zilizobaki dakika 6. Tena kupakua na kupandisha huwekwa mbalimbali. Wewe unalia fomu hazipandi, yeye kakuonyesha namba ya kushuka.

Mleta uzi: Mwanangu sijaelewa hata mstari mmoja. Kwa hiyo mzito ni nani?

Mwisho_wa_Reli: 😂😂 Mama punguza uzito basi nasi tupate mtandao

Bila_Salio: Kifurushi unalipia bei gani kwanza? Isije ikawa cha bei ya karanga.

Mleta uzi: Kifurushi na kuitwa mzito vinahusiana nini???

Kamba_ya_Mtandao: Basti yenyewe si wizi. Mtu wa kufungua kurasa tu inamfaa sana, zinafunguka chap. Wizi ni kumuuzia mwenye stationari namba ya basti kama ndiyo kasi yake.

Mnyamwezi_Original: Mna bahati. Wa kwetu Tabora hata kupima haji, anasema majani ya mwembe yamekinga antena, tukate mti.

Bila_Salio: Na kweli majani mabichi yanakula mawimbi

Mnyamwezi_Original: Mwembe wa babu haukatwi kwa ajili ya WhatsApp. Apandishe mlingoti.

Mwisho_wa_Reli: Embe zenyewe nyuzi tupu, ukila moja unashinda na kijiti mdomoni

Mnyamwezi_Original: Kaa na dagaa zako zenye mchanga

Ujiji_Kwetu: Nani kagusa dagaa?? Mchanga ni wa wanaoanika chini, za kwenye chanja safi. Lalamikieni bei. Tangu ziwa lifungwe uvuvi kule 2024 wachuuzi wamezoea vibaya.

Mleta uzi: Jamani ALINIITA MZITO

Bila_Salio: Ujiji_Kwetu, migebuka ya kubanika unayo? Nahitaji ya kusafirisha Dodoma.

Ujiji_Kwetu: Ipo mkuu, njoo inboksi. Ila usiniletee bei za Dodoma.