Ushauri: Nasimamia mradi wa mabadiliko ya HR kiwanda cha samaki Mwanza, watu wananiona nimekuja kuwafukuza

Nyegezi_Kona:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kwa waliowahi kupita njia hii.

Nimefanya kazi ya HR miaka kadhaa, mambo ya kawaida tu: mikataba, likizo, NSSF, kesi za nidhamu. Hivi karibuni nimeajiriwa na kampuni kubwa ya ushauri elekezi, zile zenye ofisi dunia nzima, kusimamia miradi ya mabadiliko upande wa rasilimali watu. Mteja wangu wa kwanza ana viwanda vya minofu ya sangara, kimoja hapa Mwanza, vingine nje ya nchi. Anataka HR yote iingie kwenye mfumo mmoja. Mishahara na kumbukumbu zitashughulikiwa na kituo kilichopo nje, hapa wabaki wachache wa kuishauri menejimenti. Slipu za mshahara za karatasi zinafutwa, kila mtu ataangalia kwenye simu.

Bosi wangu yuko London, fundi wa mfumo yuko India. Kila kikao ni slaidi za nadharia za kusimamia mabadiliko: hatua nane za Kotter, ADKAR (hatua tano ambazo mtu hupitia ili akubali mabadiliko), ramani ya wadau. Nadharia naielewa. Kiwandani ndiko kugumu. Karani mmoja wa HR, nilisoma naye sekondari, alinisimamisha getini akaniuliza, "Kaka, mtoto nimtoe shule ya kulipia sasa hivi au nisubiri Januari?" Nilikosa jibu.

Naanzia wapi? Na huyu dada nimwambie nini?

Mtu_wa_Buzuruga:
Wanakulipa kwa dola au kwa madafu? Tuanzie hapo kwanza.

Nyegezi_Kona:
Madafu mkuu, usinitie uchungu.

Mzee wa Mafaili:
Kijana, weka Kotter pembeni kidogo, fungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38. Kama kuna nafasi zitakazofutwa, mwajiri anatakiwa atoe taarifa kwamba anakusudia kupunguza watu, aweke wazi taarifa zinazohusika, halafu ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hawana chama. Mashauriano hayo ni juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza hilo punguzo, vigezo vya kuwapata wanaoondoka, muda na malipo. Wasipoelewana, suala linakwenda kusuluhishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Angalia neno "anakusudia". Ukiwaita watu ukumbini kuwaonyesha muundo mpya ambao tayari umeshasainiwa London, hapo hakuna mashauriano tena, hilo ni tangazo.

Kiinua mgongo kisheria ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Hicho ni kiwango cha chini, si dari. Kampuni yenye hela ya kuwalipa nyie washauri inaweza kuongeza.

Huyo karani usimwambie "usijali". Mwambie ukweli kwamba hujui, mwambie ni nani anayejua, na lini atasikia kutoka kwake. Tarehe hiyo ikifika hata kama hakuna jipya, rudi umwambie hakuna jipya.

Zamu_ya_Pili:
Mimi nipo kwenye kiwanda kama hicho, laini ya kuchuna ngozi. Nawaambia mambo mawili ambayo watu wa slaidi hawayaoni.

Ndani ya ukumbi wa uzalishaji simu haziingii, usafi wa chakula hauruhusu. Tunaacha kwenye kabati tukivaa buti na koti jeupe. Wengi wetu tuna vitochi. Sasa huo ujumbe wenu wa "fungua programu" tutausoma saa ngapi, na kwa simu ipi?

La pili ndilo kubwa. Slipu ya karatasi ndiyo mkopo wetu. SACCOS wanataka slipu za karibuni, zimegongwa muhuri wa kampuni na kusainiwa. Sehemu nyingine jamaa walihamishiwa kwenye simu, wakapiga picha ya kioo wakaenda nayo steshenari kuprinti, mkopeshaji akaikataa kwa sababu haina muhuri. Ilikuwa msimu wa ada. Kuanzia siku hiyo chochote HR walichosema kuhusu mfumo mpya kilionekana utapeli, hata kilichokuwa kizuri. Kabla hujafuta karatasi, nenda kwa wakopeshaji wanaotukopesha uwaulize watapokea nini.

Dada_Kirumba:
Zamu_ya_Pili kamaliza, mimi naongezea upande wa mfumo wenyewe. Kagua likizo kabla hujasaini chochote. Sheria yetu inatoa siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa humo. Mifumo mingi inayotoka nje inakuja imepangwa kwa siku za kazi. Fundi wa India akiingiza 28 bila kuambiwa, mteja anagawa likizo ya zaidi ya wiki tano. Wakija kurekebisha, wafanyakazi wanasema wameibiwa. Ugonjwa nao ni siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mpe haya kwa maandishi.

Na kumbukumbu zikienda nje, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mteja awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi yatimizwe. Mafaili ya HR yana vyeti vya hospitali, si majina tu.

Igogo_Juu:
Mnaionea ADKAR bure. Inaanza na mtu kuelewa kwa nini, halafu kutaka, ndipo mafunzo yafuate. Ninavyosoma hapa, mradi umerukia mafunzo wakati mtu hajui kama atakuwepo. Na huo muundo wa kituo kimoja na washauri wachache umetokana na mawazo ya Dave Ulrich, profesa wa Kimarekani wa mambo ya HR, tangu miaka ya 1990, siyo uchawi mpya. Muulize bosi wako: hao washauri wachache watatoka kwa makarani waliopo au wataletwa? Jibu hilo ndilo linalosubiriwa getini.

Na wapate habari kwa supavaiza wao, siyo kwako. Kaa na supavaiza wa zamu zote, ya usiku ikiwemo. Ile zamu huwa inasahaulika kila mara.

Nyegezi_Kona:
Asanteni sana wakuu. Nimeongea na London. Wanasema hakuna uamuzi wa kupunguza mtu. Ila kwenye slaidi za bajeti kuna mstari wa akiba ya gharama, na pembeni yake imewekwa idadi ya nafasi za HR Mwanza.

Mzee wa Mafaili:
Huo ndio uamuzi, hata kama wanauita bajeti. Usiufute na usiufiche. Mwajiri ni mteja, kwa hiyo mpelekee mwanasheria wake kwa barua pepe leo, umuulize taarifa ya kusudio inatoka lini. Nakala kwa bosi wako.

Zamu_ya_Pili:
Na suala la muhuri?

Nyegezi_Kona:
Kesho asubuhi nakwenda SACCOS na mhasibu wa kiwanda. Karatasi hazifutwi mpaka wao waseme kwa maandishi watapokea nini. Hilo nimeshamwandikia fundi wa India, amenijibu "sawa" halafu akaniuliza SACCOS ni nini.