"Arduous" ni "-gumu" tu, au kuna zaidi?

MtafsiriUchwara:
Wakuu, salaam. Kamusi niliyonayo inasema "arduous" ni "-gumu", basi. Sasa linaachana wapi na "difficult" na "hard"? Naweza kusema "arduous teacher" au "arduous question"?

KalamuNyekundu:
Mkuu, yote mawili hapana. Mtu hawi "arduous". Mwalimu mkali ni "strict", na asiyeelewana na watu ni "difficult". Neno hili asili yake ni Kilatini, "arduus", yaani -enye mwinuko mkali, na huo mlima bado umo ndani yake: jambo linalokwenda muda mrefu huku likikumaliza nguvu. Ndiyo maana huandamana na nomino kama "journey", "climb", "task" na "process". Kupanda Kilimanjaro hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni "an arduous climb". Swali la hesabu la dakika 5 ni "difficult" au "hard", hata likishinda darasa zima.

BintiWaTanga:
Niongeze sarufi. Linaanza na irabu, kwa hiyo "an arduous task", si "a". Kulinganisha ni "more arduous", usibandike "-er". Kinachoponza wengi ni kuchukua "It is difficult to understand him" na kubadilisha neno moja tu. "It is arduous to understand him" haikai sawa masikioni. Liweke kabla ya nomino, au baada ya "was": "The journey was long and arduous" (jozi hiyo imeshachakaa, lakini ni sahihi). Mkazo uko mwanzoni: AA-ju-as, na Wamarekani huitamka ile "r". Tena lisichanganywe na "ardent", lenye asili ya kuungua: "an ardent supporter" ni shabiki wa kufa na kupona.

MtafsiriUchwara:
Nimewapata. Na nikirudi kwenye Kiswahili niandikeje?

KalamuNyekundu:
Tazama nomino. "Arduous task" ni kazi ya sulubu, "arduous journey" ni safari ndefu ya taabu. Kwa "process" andika "mchakato mrefu na mgumu", maana "mgumu" peke yake hauonyeshi muda. Ila kwenye hukumu, "kifungo na kazi ngumu" ni "hard labour". Hapo "arduous" haliingii.

BintiWaTanga:
Na kielezi cha "hard" ni "hard" hivyo hivyo. "Hardly" ni neno jingine: ukiandika "he hardly works" umesema karibu hafanyi kazi kabisa.